Mshushaji wa Ghorofa ya Tatu

Katika taasisi ile ya utafiti wa wadudu waharibifu wa nafaka, hakukuwa na mtu aliyependwa hadharani kama Mama Dumuzi. Picha yake ilikuwa getini, mapokezini, kwenye kalenda, na hata chini kabisa ya vikombe vya chai vya wageni, kiasi kwamba walinzi walitaniana kuwa ukimaliza chai yako unamkuta daktari huyo anakukodolea macho. Jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu kazi yake ilikuwa kuwasikiliza dumuzi, wale wadudu wadogo wanaoweza kugeuza gunia zima la mahindi kuwa vumbi. Buu la dumuzi likishaingia ndani ya punje huwezi kuliona. Lakini linatafuna, na ukiwa na hedifoni nzuri na mahali penye ukimya wa kutosha, utalisikia.

Mahali hapo palikuwa chumba kimoja tu, mwisho wa ukumbi wa ghorofa ya tatu, kikiitwa chumba cha kimya. Kuta zake zilivikwa sponji nene, mlango ulikuwa mzito kama wa ghala, na sakafu ilikalia mipira ili mtikisiko usipande. Ghorofa ya chini kulikuwa na jenereta na malori ya kushusha magunia; huko hata ng'ombe akitafuna hutamsikia, sembuse buu. Kwa misimu kadhaa Mama Dumuzi alikuwa akisikiliza mbegu moja ya mahindi, aliyoihifadhi humo kwenye mitungi, ambayo wadudu waliionja na kuiacha. Kila kizazi cha dumuzi kilitafuna kidogo kuliko kile kilichotangulia. Vilibaki vizazi vichache apate uhakika, na uhakika huo ndio aliokuwa akiutaka duniani kuliko kitu chochote, ukimwondoa mumewe, na siku nyingine bila kumwondoa.

Miguu yake ilikuwa imegoma tangu utotoni, na yeye alishaizoea kama mtu anavyozoea jirani mkorofi. Kiti chake cha magurudumu alikiendesha kwa kasi iliyowafanya wafagiaji wanyanyue ndoo. Lifti ilimpandisha asubuhi na kumshusha jioni, na hakuna aliyeona tatizo lolote mpaka taasisi ilipoamua kuwa taasisi inayojumuisha watu wote.

Nia haikuwa mbaya. Ingekuwa mbaya ingekuwa rahisi, maana mtu mbaya unamjibu, unakwenda kulala. Mkurugenzi alikuwa muungwana mwenye sauti ya taratibu, aliyeamini kwa dhati kwamba sayansi inayofanywa na watu wa aina moja hujidanganya kwa namna moja. Aliunda Kamati ya Ujumuishi, akamfanya Mama Dumuzi mwenyekiti, na Mama Dumuzi mwenyewe akapitisha kanuni ya usalama. Ikitokea moto lifti huzimwa. Kwa hiyo asiyeweza kushuka ngazi kwa miguu yake hatafanya kazi ghorofani mpaka awe na mtu wake, kwa jina, aliyefunzwa kumshusha kwa kiti maalumu cha ngazi. Mtu huyo aliitwa mshushaji. Siku ile kanuni ilipopita Mama Dumuzi alirudi nyumbani akiimba, kwani alidhani nusu ya ghorofa itajitokeza kufunzwa. Mchimba kisima huingia mwenyewe; wahenga walisema hivyo zamani, ila wahenga huwa tunawakumbuka tukishafika chini.

Walipoambiwa kwamba mshushaji atawajibika endapo mtu wake ataumia au kuachwa, wanasayansi wa ghorofa ya tatu waligundua maradhi ambayo hayajawahi kuandikwa popote. Mtaalamu wa udongo, ambaye kila wiki alibeba mifuko ya mchanga begani, alikumbuka ghafla kwamba mgongo wake haumtaki. Mtaalamu wa kuvu akasema yule ni mke wa mtu, atamshikaje, watu watasemaje. Fundi wa hadubini akasema yuko radhi kabisa, kwa moyo wote, ila mikono yake hutoka jasho. Wote walimpenda Mama Dumuzi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na kanda la usufi nani atakubali kulibeba mbele za watu akaonekana linamlemea?

Aliyejitokeza alikuwa msaidizi wake, binti mrefu mwembamba asiyependa maneno mengi. Alifunzwa, akafaulu, na kuanzia siku hiyo akaitwa Kivuli, kwa sababu kanuni ilimtaka awe ghorofa moja na Mama Dumuzi muda wote. Kivuli akitaka kwenda kula, Mama Dumuzi alilazimika kwanza kuteremka kwa lifti akamsubiri chini. Basi Kivuli akaacha kwenda kula, akawa anakuja na chakula kwenye kibakuli. Akitaka kwenda msalani aliaga kama anayesafiri. Siku aliyopata homa alikuja kazini amejifunga shuka, akalala kwenye sakafu ya maabara, mradi jina lake liwe ghorofani.

"Mwanangu, nenda nyumbani," Mama Dumuzi alimwambia siku hiyo.

"Nikienda nyumbani, na wewe unateremka, Mama. Na leo ndiyo siku ya kusikiliza."

Ilikuwa kweli, ilikuwa siku ya kusikiliza. Mama Dumuzi akavaa hedifoni, akafunga mlango mzito, akasikiliza. Aliporudi, yule binti alikuwa bado anatetemeka pale sakafuni, na Mama Dumuzi alimfunika kwa koti lake la maabara.

Huko chini, taasisi ilikuwa imemwandalia chumba kingine. Kilikuwa mkabala na mapokezi, kimezungushiwa kioo, kina meza ya kupanda na kushuka, maliwato pana, na mlango unaofunguka wenyewe ukiona mtu. Mgeni yeyote angevutiwa nacho. Ila nyumba njema si mlango. Jenereta lilikuwa nyuma ya ukuta, na ukiweka kikombe mezani, maji yalicheza. Kanuni ilikuwa wazi: siku Mama Dumuzi atakapokosa mshushaji, au jozi yao itakaposhindwa zoezi la moto, jozi inavunjwa papo hapo, naye anahamia kwenye kioo. Na chumba cha kimya kilikuwa na wenye kukitamani. Akihama leo, kesho angekuta mitungi ya mtu mwingine humo.

Waliishi hivyo mpaka zikafika habari za nishani. Taasisi ilikuwa imependekezwa kupewa nishani ya mahali pa kazi panapomjali kila mtu, na waamuzi wangekuja Alhamisi kuangalia zoezi la moto kwa macho yao. Jumanne Mkurugenzi aliwakusanya wakuu wa idara kupanga mapokezi, na katikati ya mazungumzo, kwa sauti yake ile ya taratibu, akasema jambo ambalo alidhani kila mtu analijua.

"Na tutawaeleza waamuzi kuhusu binti yetu Kivuli. Amepata nafasi ya kusomea shahada ya uzamivu, chuo kikubwa, na chuo kinalipia kila kitu. Ameniambia hatakwenda. Amechagua kubaki na mwenzake. Jamani, ujumuishi ni nini kama siyo huo?"

Watu walipiga makofi. Mtaalamu wa kuvu alipiga kwa nguvu kuliko wote.

Mama Dumuzi hakuwa na habari. Na sasa niseme lile ambalo yeye hakumwambia mtu: kitu cha kwanza alichokisikia moyoni kilikuwa furaha. Binti haendi. Msimu utaisha, mbegu itathibitika. Furaha hiyo ilikuja bila kubisha hodi, ikakaa muda wa makofi yale, kisha akaiona ilivyo, akajionea aibu mpaka masikio yakamwaka.

Jioni alimsimulia mumewe, fundi cherehani mwenye maneno makali na mikono laini. Mume alikuwa akimnyoosha miguu kitandani, kama alivyozoea kila siku.

"Yaani mmefungiwa wote wawili," mume alisema. "Wewe chumbani, yeye mlangoni pako. Na ufunguo anao nani?"

"Hakuna mwenye ufunguo. Kila mtu ni mwema."

"Mtego wa panya hunasa waliokuwemo na wasiokuwemo. Yule binti alikuwemo wapi?"

"Hakuwemo," Mama Dumuzi alisema.

"Sasa unataka nikuambie nini? Nikikwambia umwachie, utasema fundi nguo anajua nini kuhusu mahindi. Nikikwambia umshike, kesho utanichukia." Akamgeuza mguu wa pili. "Mimi nanyoosha tu."

Jumatano asubuhi alijifungia na Kivuli ndani ya chumba cha kimya, mahali ambapo hakuna wa kuwasikia, akamuuliza kwa nini amekataa shule.

"Sijakataa. Sijawajibu tu," Kivuli alisema, akiangalia mitungi. "Mwisho wa kujibu ni kesho jioni."

"Basi jibu kwamba unakwenda."

"Na wewe?"

"Mimi ni mtu mzima."

"Mtu mzima wa kwenda kukaa kwenye kioo, wageni wakikutazama kama samaki? Mama, mimi nimekuwa nikihesabu hawa wadudu na wewe tangu nilipokuja hapa sijui hata kushika koleo. Nikiondoka leo, mbegu hii inakufa. Nitasoma nini huko nikijua nimeiua?"

"Shule haisubiri."

"Na dumuzi je, wanasubiri?" Kivuli alifuta mikono kwenye koti lake. "Usinifukuze. Ukinifukuza utanifanya nijione nilikuwa nakusaidia kwa kulazimishwa, na mimi sikulazimishwa."

Yule binti alikuwa amejifunga kwa kamba ya mapenzi, na fundo lilikuwa mkononi mwa Mama Dumuzi mwenyewe, wala hakujua walilifungaje. Akatoka, akaendesha kiti mpaka ofisi ya Mkurugenzi, Kivuli akimfuata nyuma, kwa kuwa kanuni ilimlazimu.

"Nataka ghorofa nzima ifunzwe," alimwambia Mkurugenzi. "Siyo mtu mmoja. Wote."

Mkurugenzi alitikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli. "Daktari, tulijadili. Tukisema ni kazi ya wote, siku ya moto kila mtu atadhani mwenzake amekushusha. Tunataka jina moja. Na siwezi kumlazimisha mtu kumgusa mwenzake. Hiyo nayo ni kinyume cha ujumuishi."

"Basi mwondoe Kivuli kwenye jukumu hili."

"Kwa kosa gani? Ameomba kuondoka?"

"Hajaomba."

"Basi nikimwondoa nitakuwa nimemnyima haki yake ya kuchagua." Alitabasamu kwa upole, na upole wake ulimbana Mama Dumuzi kuliko ukuta. "Kwani mmegombana? Mbona mnapendana sana?"

Alikuwa sahihi, kila neno. Mama Dumuzi alijihisi kama mtu aliyefungwa kwa shali ya hariri: ukivuta unaikaza, ukitulia watu wanakusifu imekupendeza. Akaondoka. Njia ya kutokea ilikuwa moja tu, na aliijua kwa kuwa imo ndani ya kanuni aliyoipitisha yeye. Usiku huo hakula vizuri, na mumewe hakumuuliza.

Alhamisi waamuzi walikuja, watu nadhifu wenye beji shingoni, wakanywa chai kwenye vile vikombe. Mama Dumuzi alitumia asubuhi ile ndani ya chumba cha kimya. Alivaa hedifoni akasikiliza mtungi baada ya mtungi. Kutafuna kulikuwa hafifu sana, karibu hakuna, kama mtu anayekwaruza karatasi kwa ukucha chumba cha jirani. Ilikuwa inafanikiwa kweli. Alitamani angekuta inashindwa, ingemrahisishia. Akavua hedifoni, akaziweka mezani taratibu, na akabaki ameziangalia mpaka king'ora kilipolia.

Ukumbi ulijaa miguu. Mtaalamu wa udongo alipita, mtaalamu wa kuvu akapita akimpungia mkono kwa furaha, fundi wa hadubini akapita akisema, "Tukutane chini, Daktari." Lifti ikazimwa. Kivuli alikuwa ameshakivuta kile kiti cha ngazi kutoka ukutani, amekikunjua, anakisukuma mbio kuelekea mwanzo wa ngazi ambako Mama Dumuzi alikuwa ameshatoka na kuegesha.

"Haya, Mama. Nishike shingoni."

"Sikai," Mama Dumuzi alisema.

Kivuli alidhani hakusikia vizuri kwa sababu ya king'ora. Akainama. "Nishike shingoni, muda unakwenda."

"Nimekuambia sikai. Shuka."

"Mama, waamuzi wako chini."

"Ndiyo maana."

Yule binti akaelewa. Uso wake ulibadilika taratibu, kutoka paji la uso hadi kidevuni, na akapiga magoti pale sakafuni akaushika mkono wa kiti cha magurudumu kwa mikono miwili. "Usinifanyie hivi. Tafadhali. Mbegu je?"

"Mbegu ni yangu. Nitaililia mwenyewe."

"Siwezi kukuacha juu. Niliapa nilipofunzwa."

"Huniachi. Ninakufukuza. Mimi ni mkuu wako wa kazi, na nakuamuru ushuke ngazi hizi, na ukibaki hapa hata kidogo nitamwambia Mkurugenzi umekaidi amri." Sauti yake ilikuwa ya ukali. "Nenda, mwanangu. Nenda kabla sijabadili mawazo. Mimi si mtu mzuri kiasi hicho."

Kivuli alisimama. Aliteremka ngazi moja, akageuka. Akateremka nyingine, akageuka tena. Mama Dumuzi akaugeuza uso ukutani ili asionekane. Nyayo zikaendelea kushuka, zikapungua, zikaisha. King'ora nacho kikazimwa. Ghorofa nzima ikawa kimya, na katika ukimya huo alisikia pumzi zake mwenyewe zikienda mbio.

Kanuni ilisema hakuna anayerudi ndani mpaka watu wote wawe nje. Kwa hiyo taasisi nzima, kuanzia wafagiaji hadi waamuzi, ilisimama uwanjani juani ikisubiri mtu mmoja. Baadaye Mkurugenzi alipanda mwenyewe, tai imelegea, jasho linamtiririka. Alikiona kiti cha ngazi kimekunjuliwa kitupu. Akamwona Mama Dumuzi.

"Mtu wako yuko wapi?"

"Amekwenda shule," Mama Dumuzi alisema.

Mkurugenzi alishika ukuta. "Amekuacha hapa?"

"Hakuniacha. Nilikataa kukaa, nikamfukuza. Kosa ni langu, na liwe la kwangu peke yangu. Jozi imeshindwa zoezi. Unaijua kanuni."

"Daktari, wale watu wako chini wanatutazama. Ungeniambia tu."

"Nilikuambia jana."

Mkurugenzi alikumbuka, hilo lilionekana. Akaketi kwenye ngazi, yule muungwana, na kwa mara ya kwanza akawa chini ya macho ya Mama Dumuzi badala ya juu yake. "Nitawaambia nini?" aliuliza, na hakuwa akimuuliza yeye.

Ilibidi waitwe wanaume. Walikuja watatu, wale wale wa ghorofa ya tatu, wakakizunguka kiti cha ngazi bila kujua pa kukishika. Mama Dumuzi aliwaelekeza: vuta mkono mweusi, funga mkanda, mmoja mbele mmoja nyuma. Wakamshusha kwa woga, wakipumua juu ya kichwa chake, wakiombana radhi wao kwa wao. Hakuna mgongo uliolalamika wala mkono uliotoka jasho. Alikuwa na hasira nao hadi meno yakamwuma, na alikuwa na huruma nao pia, kwa kuwa ilionekana wazi walivyoshangaa kwamba jambo lenyewe ni jepesi hivi. Mtaalamu wa kuvu alikuwa analia kimyakimya. Alichelewa, lakini alikuwa analia.

Chini, mbele ya mapokezi, Kivuli alikuwa amesimama kando ya mlango akiwa ameleta kiti cha magurudumu kingine, kile cha akiba. Walipomhamishia humo, mikono ya binti ikakimbilia mishikio ya nyuma, kwa mazoea.

"Acha," Mama Dumuzi alisema. "Umeshawajibu?"

"Bado."

"Jibu sasa. Hapa hapa, nikikuona."

Kivuli akatoa simu. Aliandika, akafuta, akaandika tena. Waamuzi walikuwa wameshaingia na kujipanga ukutani, hawajui kama hili nalo ni sehemu ya zoezi. Hatimaye akabonyeza, akairudisha simu mfukoni, na akabaki amesimama mikono ikining'inia, kama mtu aliyetua mzigo na bado hajui asimameje bila mzigo. Halafu akatazama mlango wa nje. Hakutazama kwa muda mrefu, lakini alitazama, na usoni mwake kukapita kitu ambacho Mama Dumuzi hakuwahi kukiona katika siku zote za vibakuli na za homa.

Mama Dumuzi alimwonea wivu. Ulikuwa wivu mtupu, hauna heshima, wa mtu aliyebaki kwa mtu anayeondoka, na maneno ya kumrudisha yalikuwa yamekwishamfika mdomoni. Akaona ni afadhali aende kabla hayajatoka. Akageuza kiti, akakisukuma kwa mikono yake kuelekea chumba cha kioo, na waamuzi wakampisha.